Marehemu wa Getini

Mimi hufariki kila wageni wa kujitolea wanapofika, na hufufuka wakishapanda gari la kwenda uwanja wa ndege. Kazi hiyo sijawahi kupewa posho. Ninalipwa kwa kufungua geti na kulifunga, basi. Kufa nafanya bure.

Nieleze mapema, maana watu wakinisikia hudhani nimelewa, na mimi sinywi nikiwa kazini. Mimi ni mlinzi wa kituo cha kulelea yatima. Mke wangu ni mpishi wa hapo hapo. Tuna mtoto mmoja, binti, ambaye tangu aanze kutamka maneno hajawahi kupumzika, kwa hiyo tulimwita Chiriku, na jina lake la cheti karibu tulisahau sote. Kituo kilianza vizuri. Kilikuwa na yatima wa kweli, waliotia huruma bila kupangwa na mtu. Kisha mashangazi wakaanza kuja. Akaja bibi wa huyu, akaja mjomba wa yule, wakasema sasa wamejipanga, wanaweza kumlea mtoto wao, wakaondoka naye. Lilikuwa jambo la heri na lilitutia hasara kubwa. Vitanda vikabaki vitupu, na huko ng'ambo kulikuwa na watu wema waliokwisha kukata tiketi.

Mkurugenzi si mtu mbaya. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu nitamsema sana. Alituita wafanyakazi wote ofisini, akafunga mlango, akasema kituo kikifungwa tutarudi kukaa vijiweni, ila njia ipo. Wageni wakiwepo, watoto wetu walale bwenini. Kituo nacho kitawasomesha ile shule ya juu kilimani, yenye maktaba na vyoo vinavyofungwa kwa ndani, hadi wamalize. Fundi seremala akakubali. Mama wa kufua akakubali. Mimi nikauliza, "Sasa wageni wakiuliza wazazi wao wako wapi?"

Mkurugenzi akatazama dari. "Wametangulia mbele ya haki."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Afande, usinipe kazi ya ziada. Kifo chako panga mwenyewe."

Afande ndilo jina langu pale. Sijawahi kuwa askari wa aina yoyote, lakini ukishavaa kofia na kushika rungu, watu hawana muda wa kukuuliza.

Jioni hiyo tulikaa na mke wangu kupanga jinsi ya kufa. Yeye alichagua homa, kwa kuwa homa haina maelezo mengi, na akasema azikwe kwao, mbali, mahali pasipofika gari. Mimi nikasema nimeumwa na nyoka nikiwa kazini. Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta. "Nyoka gani, baba Chiriku? Wewe unayemkimbia hata mjusi?"

Nikamwambia marehemu hasemwi vibaya.

Hatukuwa wajinga. Tulijua tunachouza na tulijua bei yake. Shule aliyokuwa akisoma Chiriku ilikuwa na darasa ambalo mwalimu wake hakuwahi kuisikia sauti yake, na kama unamfahamu mwanangu, hapo utajua mwenyewe humo ndani kulikuwa na watu wangapi. Mimi na mke wangu tulisoma madarasa ya namna hiyo hiyo, na ndiyo maana yeye yuko na sufuria na mimi niko na rungu. Tulitaka mtoto wetu asikiwe. Kwa hilo ningekufa hata mara nne kwa mwaka.

Chiriku tukamwambia ni mchezo. Wageni wakiwepo, mama yako ni Shangazi wa Jikoni na mimi ni Afande. Alikuwa na maswali, kama kawaida yake.

"Mtakufa kabisa?"

"Kidogo tu," nilisema.

"Nikiumia nimwite nani?"

"Mwite Shangazi wa Jikoni," mama yake akamjibu. "Nitakuja mbio."

"Na nikiota ndoto mbaya?"

Bweni liko upande wa pili wa uwanja, na ndani yake hulala mlezi wa zamu. Mama yake akamwambia amalize maziwa.

Mchezo ukaenda vizuri. Ukaenda vizuri kupita kiasi. Wageni wa kwanza waliondoka wakilia, nikawafungulia geti, nikawapungia mkono, nikafufuka. Chiriku akarudi nyumbani na mto wake. Tulipoketi kula akaniambia, "Afande, nisogezee maji." Tulicheka. Kesho yake akaniita hivyo tena, na keshokutwa, na mama yake akaitwa Shangazi mbele ya jirani. Tukamwambia mchezo umekwisha. Akasema sawa, halafu hakutuita chochote. Alikuwa akivuta nguo yako akitaka umgeukie.

Na akanyamaza. Wageni wakiwepo tulikuwa tumemkanya asiropoke, na nadhani aliona salama ni kutosema kabisa, popote. Mtoto ambaye alikuwa akiongea hata na mswaki mdomoni akawa wa ndiyo na hapana. Nyumba ikapata ule utulivu niliouomba miaka yote, na sikuupenda hata kidogo.

Hapo ndipo alipokuja Dada Pole.

Jina hilo tulimpa sisi. Kwao alikuwa amesomea namna ya kuwaliwaza watoto waliofiwa, na kabla ya kuja akajifunza Kiswahili kwa bidii ya kweli. Katika Kiswahili chote hicho alilipenda neno moja. Mama wa kufua akipita na beseni, pole. Fundi seremala akipiga chafya, pole. Siku moja mimi nilikuwa nacheka peke yangu getini, nimekumbuka jambo, akanijia na uso wa huzuni akanishika bega. Pole sana, baba.

Ndiyo, mimi aliniita baba. Alifundishwa kuwa mwanamume mtu mzima huitwa hivyo kwa heshima, na kila asubuhi alipita getini akaniambia, "Shikamoo, baba." Katika kituo kizima, mgeni aliyetoka ng'ambo ndiye pekee aliyekuwa na ruhusa ya kuniita hivyo. Mwanangu alikuwa akipita nyuma yake na mkoba wa shule, kimya. Mimi nilikuwa nautazama mti ulio ng'ambo ya barabara. Mti wenyewe hauna lolote la kutazamwa.

Dada Pole hakuja kupaka rangi kuta kama wengine. Alikaa na watoto mmoja mmoja, na alipofika kwa Chiriku akakwama hapo. Aliniambia mtoto huyu ana huzuni nzito kuliko wote, hasemi, na anaota ndoto mbaya. Ndoto hizo sikuwa nazijua. Nikasema, "Loo."

Akaanza kuuliza baba yake alikufaje. Hapa tulifanya kosa ambalo hata mtoto wa chekechea asingefanya: hatukukumbuka kukubaliana. Mimi nilisema nyoka. Mke wangu, ambaye tangu mwanzo hakumwamini yule nyoka, alisema nilizama mtoni. Mkurugenzi akasema ajali ya gari. Mtu mwingine angetushuku hapo hapo. Dada Pole alikuwa mwema mno, hakuweza kufikiri kuwa kuna anayedanganya, kwa hiyo akaziunganisha habari zetu zote. Nikasikia kutoka kwa fundi seremala kwamba niliumwa na nyoka, nikawa nakimbizwa hospitali, gari likaacha njia likatumbukia mtoni.

"Aliteseka sana," Dada Pole aliniambia.

Nilikubaliana naye. Kwa kweli nilijionea huruma.

Ikaja siku ya wazazi kule shuleni. Chiriku alichaguliwa kusoma shairi mbele ya wote, shairi la maji alilotungiwa na mwalimu wake. Yule aliyekuwa hasemi! Mwalimu alisema akipewa maneno ya mtu mwingine anayasema vizuri. Waliokwenda ni Mkurugenzi na Dada Pole na kamera yake. Mimi nilibaki getini, kwa kuwa marehemu hahudhurii mikutano, na mke wangu alibaki jikoni kwa sababu hiyo hiyo. Lakini shule iko juu yetu na vipaza sauti vyake havina adabu. Nilisikia kila neno. Niliposikia watu wanapiga makofi nikavua kofia, nikaivaa tena, nikafungulia gari la maji taka lililokuwa likinipigia honi muda mrefu. Nilikuwa na furaha na iliniuma. Vyote viwili, kwa pamoja, na sina namna nyingine ya kukisema kitu hicho.

Siku chache baadaye Mkurugenzi akaniita ofisini. Alikuwa amevaa tai, jambo ambalo hulifanya akiwa na hofu.

"Dada Pole anataka kumpeleka mtoto kaburini. Anasema hawezi kupona bila kumuaga baba yake."

"Mwambie hapana."

"Nitamwambia hapana kwa sababu gani? Kwamba baba mtu amekataa?" Akashusha sauti. "Tafuta kaburi."

"La nani?"

"La kwako, Afande. Tusizungushane."

Nikaenda makaburi ya mjini kujitafutia. Nilidhani ni kazi nyepesi, kumbe kuchagua kunahitaji utulivu. Mengi yalikuwa na majina, na mimi sikutaka kumpora mtu. Moja lilikuwa na vigae na uzio, juu ya uwezo wangu. Mwishoni kabisa, karibu na ukuta, nikalipata moja ambalo halina kibao wala jiwe, nyasi zimelifunika, hakuna anayekuja. Nikaling'olea majani. Nikamwomba radhi mwenyewe, nikamwambia ni kwa muda mfupi, na mtoto nitakayemletea ana adabu.

Asubuhi ya safari mke wangu alininyooshea shati. "Nenda ukajizike vizuri," alisema. Alinifunga vifungo, jambo ambalo hajanifanyia tangu harusi. Kisha utani ukamwisha. "Baba Chiriku, mtoto asilie peke yake kule. Nakuomba."

"Nitafanyaje? Mimi ndiye maiti."

"Sijui utafanyaje," alisema. "Nakuomba tu."

Tukaenda watu watatu kwa miguu. Mimi nilitumwa kama mwenyeji wa njia, na mwavuli juu kwa ajili ya jua la mgeni. Geti nilikuwa nimelifunga na ufunguo niko nao, kwa kuwa Mkurugenzi alisema hatakuwa na safari asubuhi hiyo. Dada Pole alibeba maua ya bustani ya kituo, ambayo ninayamwagilia mimi. Chiriku alitembea katikati yetu, kimya. Makaburini nikaonyesha kwa rungu. Pale.

Dada Pole akapiga magoti, akamwambia mtoto kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Unaweza kumwambia baba jambo lolote. Yeye anakusikia. Sisi tutasimama nyuma."

Tukasimama nyuma. Chiriku alilitazama lile tuta la udongo muda mrefu. Aligeuka akanitazama mimi, akaligeukia tena. Niliomba moyoni asiseme kitu, turudi, yaishe.

"Shikamoo, baba," alisema.

Sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake tangu mwaka uliopita.

"Baba, jino langu limetoka. Nililiweka chini ya mto bwenini likapotea. Rafiki yangu ananidai kifutio lakini si mimi niliyekipoteza, ni yeye, alikiweka kwenye soksi. Baba, maharage ya Shangazi wa Jikoni siku hizi yana chumvi. Analia akikata vitunguu, na juzi alikuwa analia na hapakuwa na vitunguu. Wewe ulikuwa unanibeba mabegani nikagusa taa. Afande habebi watu. Afande ananifungulia geti halafu anatazama mti. Nilikwenda kuutazama huo mti nione kuna nini, hakuna kitu. Baba, naota nimekuja nyumbani nikakuta mmekufa kweli, nikiamka naita, anakuja mlezi wa zamu. Siitaki tena ile shule. Vyoo vyake vizuri lakini siitaki. Nitarudi ile ya zamani, mwalimu asinisikie tu, si neno. Na siku ya wazazi nilisoma shairi. Watu wote walipiga makofi. Nilikutafuta kwenye viti, hukuja."

Alisema yote hayo bila kuvuta pumzi, kama zamani, akilielekea kaburi la mtu nisiyemjua. Dada Pole alikuwa akilia kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa nimeshika mwavuli ambao haukuwa tena juu ya mtu yeyote.

Nilijua hesabu yake. Nikifungua mdomo, shule imekwenda, kazi yangu imekwenda, sufuria za mke wangu zimekwenda, na mtoto wa fundi seremala naye sijui. Nilijua yote hayo na yalikuwa ya kweli. Ila mtoto alikuwa amesema hukuja, na hilo halikuwa kweli.

"Nilisikia," nilisema.

Dada Pole akageuka.

"Nilisikia lote kwenye kipaza sauti. Ulikwama kwenye ubeti wa tatu, penye kisima. Ukakohoa, ukarudi nyuma mstari mmoja, ukaendelea. Kukohoa kule kulikuwa kwa makusudi, ulikuwa unatafuta neno. Mimi pia hufanya hivyo. Nilivua kofia."

Chiriku hakugeuka mara moja. Aliliuliza kaburi, "Mchezo umekwisha?"

"Umekwisha," nilisema, nikautupa ule mwavuli. "Njoo kwa baba."

Akaja. Uzito wake ulikuwa umeongezeka, sikuwa nimembeba siku nyingi. Nilipompandisha mabegani mgongo ulinikumbusha umri wangu, nikajikaza. Alinishika masikio kama alivyozoea, na hapo nikalia, na sikujificha kwa mtu.

Dada Pole alikuwa bado amepiga magoti. Alinitazama, akamtazama mtoto, halafu masikio yangu na ya mtoto, ambayo kwa hakika ni masikio mamoja. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kupokea pole yake. Kwa mara ya kwanza tangu afike, hakuisema.

"Na nyoka?" aliuliza.

"Hakuna nyoka."

"Na mto?"

"Mto upo. Gari ndilo halikutumbukia."

Akafikiri. "Mama yake?"

"Anapika. Jana ulimwambia maharage yamezidi chumvi."

Aliketi chini kabisa, kwenye udongo, na sketi yake nyeupe. Nilitegemea hasira, na alikuwa na haki nayo yote. Akagusa lile tuta. "Sasa huyu ni nani?"

"Sijui," nilisema. "Hana mtu."

"Basi maua yabaki kwake," alisema Dada Pole. Akayapanga vizuri, ua moja moja, akajifuta uso kwa kiganja, tukaondoka.

Njia nzima Chiriku hakunyamaza. Alishuka mabegani kwa sababu kule juu, alisema, hanioni uso akiniambia mambo, akanishika mkono. Akaanza habari ya kifutio tena toka mwanzo, kwa marefu, pamoja na ukoo wa yule rafiki. Dada Pole alitembea nyuma na mwavuli, ameufunga. Sikujua atafanya nini wala atamwambia nani nini. Nilijua nitakachofanya mimi: kupita jikoni kumwambia mke wangu kuwa tumefufuka sote wawili, na avue aproni kwa amani.

Tulipofika, gari la Mkurugenzi lilikuwa ndani, pua imegusa geti, linapiga honi. Kumbe safari imetokea. Alikuwa ameshuka, ameshika nondo za geti kwa mikono miwili, tai imekaa upande.

"Afande, fungua, nimechelewa," alisema. Kisha akaona mkono wangu umeshikwa na nani, na nyuma yetu Dada Pole na udongo kwenye sketi. Sauti ikamshuka. "Afande."

Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa kulia, na mkono wangu wa kulia ulikuwa na mtu. Nikamwambia Mkurugenzi asubiri, mwanangu hajamaliza kusema.